Mlango na Pazia: Uhakiki wa Visakale vya Hekalu la Shiva la Chidambaram

1. Utangulizi

Katika uainishaji wa fasihi simulizi, kisasili na kisakale hutenganishwa kwa kigezo cha wakati na cha wahusika. Kisasili husimulia asili ya mambo na wahusika wake huwa miungu. Kisakale husimulia matendo ya watu wanaoaminika kuwa waliishi, tena mahali penye jina. Mgawanyo huu una manufaa yake darasani. Hata hivyo, huanza kuyumba pindi mhakiki anapokabiliana na hadithi zilizoota mizizi mahali pamoja kwa zaidi ya miaka elfu moja, ambapo mungu, mfalme, mshairi na mtwana wa mashamba husimuliwa kwa pumzi moja na wote huelekea mlango mmoja. Hekalu la Shiva lililoko Chidambaram, katika jimbo la Tamil Nadu kusini mwa India, ni mahali pa aina hiyo.

Shiva ni mmoja wa miungu wakuu wa dini ya Kihindu. Katika mahekalu mengi huabudiwa kwa umbo la linga, yaani nguzo fupi ya jiwe. Chidambaram huabudiwa hasa kwa sura ya Nataraja, Bwana wa Ngoma: mikono minne, mguu mmoja umeinuliwa, wa pili umemkanyaga kibeti, na duara la moto limemzunguka. Sanamu za sura hii zimeenea katika majumba ya makumbusho ya dunia, na mwaka 2004 moja iliyotolewa zawadi na serikali ya India iliwekwa katika kituo cha utafiti wa fizikia cha CERN karibu na Geneva. Insha ya Ananda Coomaraswamy kuhusu ngoma ya Shiva, iliyotoka katika kitabu chake cha mwaka 1918, ndiyo hasa iliyowazoesha wasomaji wa nje kuiona ngoma hiyo kama picha ya mwendo wa ulimwengu mzima. Tafsiri hiyo ina uzito wake, lakini ina upungufu mmoja: huiondoa ngoma mahali pake. Humwachia msomaji mchezaji asiye na uwanja, asiye na wenyeji, na asiye na watu waliokatazwa kumtazama.

Makala haya yanakusudia kuirudisha ngoma uwanjani. Yanashikilia kwamba visakale vya Chidambaram, licha ya wingi wake na tofauti za enzi zake, vimejengwa juu ya tukio moja la msingi. Kuna anayetamani kuona, kuna anayemzuia, hatimaye muujiza humwezesha kuona. Lakini muujiza huo humfungulia mtu mmoja kwa siku moja, nao ufunguo hubaki kwa yule yule aliyekuwa nao. Kuutambua muundo huu ni jambo la lazima kwa sababu hadithi hizi hazijazikwa vitabuni. Zimeendelea kutajwa katika mabishano ya nani aingie wapi, aimbe kwa lugha gani, na nani asimamie mali ya hekalu, hadi karne hii ya 21.

2. Jina, Mti na Pazia

Hekalu limejengwa juu ya eneo la takriban ekari 40, na kuta zake zina minara minne mirefu ya milango, iitwayo gopuram, inayoelekea pande nne za dunia. Sehemu kubwa ya majengo ya mawe yanayoonekana leo ni ya enzi ya wafalme wa Chola na waliowafuata. Hata hivyo, washairi watakatifu Appar na Sambandar walikwisha kuusifu uwanja huu katika karne ya 7, na Parantaka wa Kwanza, aliyetawala katika nusu ya kwanza ya karne ya 10, anasifiwa katika maandishi ya Wachola kwa kuliezeka paa la ukumbi wake kwa dhahabu.

Katika nyimbo za kale mahali hapa paliitwa Tillai, jina la mti wa misitu ya mikoko ambao utomvu wake huunguza macho na huweza kumpofusha mtu. Kinaya hiki hakiwezi kumpita mhakiki: mahali panaposifiwa kuliko pote kwa kuonekana kwa mungu pamechukua jina la mti unaopofusha. Ukumbi wenyewe uliitwa kwa Kitamil Chitrambalam, ambalo wengi hulifasiri kuwa "ukumbi mdogo". Baadaye jina la Chidambaram lilienea, na wanazuoni wa Kisanskriti wakalichambua kuwa ni muungano wa maneno mawili, "fahamu" na "anga". Ukumbi mdogo wa wanakijiji ukawa anga la fahamu. Badiliko hilo la jina linadokeza mvutano utakaojitokeza katika kila kisakale kinachojadiliwa hapa, kati ya lugha ya wenyeji na lugha ya makuhani.

Fundisho la anga hilo ndilo linaloipa Chidambaram nafasi yake miongoni mwa mahekalu matano ya Shiva yanayohusishwa na asili tano za vitu vyote. Kanchipuram ni ardhi, Tiruvanaikaval ni maji, Tiruvannamalai ni moto, Srikalahasti ni hewa, na Chidambaram ni uwazi wenyewe. Kando ya sanamu ya Nataraja pametundikwa pazia. Kuhani anapolifunua, mwenye kuabudu haoni sanamu yoyote. Huona majani ya dhahabu ya mti wa bilva yakining'inia mbele ya nafasi tupu. Hii ndiyo iitwayo siri ya Chidambaram.

Kwa jicho la fani, siri hii ni ya ajabu. Kilichofichwa si kitu. Kinachofanya pawe na siri ni pazia, pamoja na mkono ulioruhusiwa kulivuta. Mtu anaweza kulikubali fundisho la uwazi kwa moyo wake wote na bado akauliza kwa nini uwazi unahitaji mlinzi. Visakale vya mahali hapa vinaweza kusomwa kama majibu mbalimbali ya swali hilo.

3. Ngoma ya Kwanza na Mwenyeji Aliyehamishwa

Masimulizi ya asili huanzia mbali na Chidambaram, katika msitu wa misonobari. Waliishi humo wahenga walioamini kwamba matambiko yao yanatosha, hata mungu hahitajiki. Shiva aliwaendea kwa sura ya ombaomba kijana, naye Vishnu akafuatana naye kwa sura ya mwanamke mzuri. Wahenga walipoona wake zao wamerogwa kwa uzuri wa yule ombaomba, na wao wenyewe wamepumbazwa na yule mwanamke, walikasirika wakawasha moto wa kafara. Walimtoa humo chui milia, Shiva akamchuna na kuvaa ngozi yake; wakamtoa nyoka, akamfanya kuwa pambo; wakamtoa kibeti mwenye nguvu, akamkanyaga mgongoni na kuanza kucheza. Jambo la kuzingatia ni kwamba wahenga hawa, walio karibu na mungu kuliko watu wote, ndio wasiomtambua. Ujuzi wa kafara umekuwa utomvu wa mti wa tillai machoni mwao.

Anayetamani kuona ni nyoka Adishesha, ambaye Vishnu hulala juu yake. Aliposimuliwa habari za ngoma ile, aliiacha kazi yake, akazaliwa duniani kwa jina la Patanjali, akaenda msitu wa Tillai kungoja. Huko alimkuta Vyaghrapada, mhenga aliyeomba apewe miguu ya chui milia ili apande miti alfajiri na kuchuma maua kabla nyuki hawajayagusa. Mmoja ni nusu nyoka na mwingine ni nusu chui. Wanyama wale wale walioletwa na wahenga kama silaha sasa wamerudi kama waumini. Ulinganifu huu, wa adui kugeuka mtazamaji mpenzi, ni ushahidi kwamba wasimulizi waliounganisha masimulizi mawili tofauti walijua walichokuwa wakifanya.

Lakini msitu ule ulikuwa na mwenyewe, mungu wa kike Kali. Alimtaka Shiva washindane kwa ngoma, atakayeshindwa auhame uwanja. Walicheza wakalingana, hatua kwa hatua, mpaka Shiva alipounyanyua mguu mmoja wima hadi juu ya kichwa. Baadhi ya wasimulizi husema kipuli chake kilianguka, akakiokota kwa mguu na kukirudisha sikioni. Kali alisita kwa haya, akashindwa. Hekalu lake liko nje, upande wa kaskazini wa mji, na ni desturi ya mahujaji wengi kumzuru baada ya kumwona Nataraja.

Kwa kawaida kisakale hiki hufafanuliwa kuwa ni kumbukumbu ya ibada ya Shiva kuchukua nafasi ya ibada ya kienyeji iliyoitangulia. Ufafanuzi huo unakubalika, lakini hauugusi ustadi wa msimulizi. Kali hakushindwa kwa upungufu wa ufundi. Alishindwa kwa kanuni iliyomfunga yeye peke yake. Msimulizi ameeleza wazi kwamba wachezaji walilingana, na hivyo akamwachia msikilizaji shaka juu ya haki ya hukumu. Mahujaji wanaotoka hekaluni na kwenda mpakani kumtuliza mwenyeji wa zamani huikiri shaka hiyo kwa miguu yao.

4. Hesabu ya Makuhani

Makuhani wa Chidambaram huitwa Wadikshitar. Ni jamaa za kurithiana kazi, hutambulika kwa nywele zilizofungwa fundo upande wa mbele wa kichwa, na mapokeo yanasema kwamba hapo mwanzo walikuwa 3,000. Brahma aliwachukua kwenda kumsaidia kafara huko kaskazini. Waliporudi na kuhesabiwa, walikutwa 2,999. Hofu ilipowashika, sauti ya Shiva ilisikika ikisema kwamba yeye mwenyewe ndiye wa elfu tatu.

Aliyewarejesha, kwa mujibu wa mapokeo hayo, ni Simhavarman, mwana wa mfalme kutoka nchi ya kaskazini aliyekuwa na maradhi ya ngozi. Alioga katika bwawa la hekalu na kutoka na mwili wa rangi ya dhahabu, akaitwa Hiranyavarman na kutawazwa. Mtafiti Mjerumani Hermann Kulke, katika kitabu chake cha mwaka 1970 kuhusu Chidambara Mahatmya, alionyesha kwamba kisakale hiki kinashabihiana na enzi ya Kulottunga wa Kwanza, aliyeingia katika kiti cha Chola mwaka 1070 akitokea upande wa kaskazini bila kuwa mrithi wa moja kwa moja. Mfalme mgeni alihitaji kuoshwa ugeni wake, nao makuhani walihitaji mfalme wa kuthibitisha kwamba wao ni wenyeji tangu milele.

Hiki ndicho kisakale pekee katika mkusanyo huu ambamo muujiza hutokea kwa faida ya walio ndani. Mfumo wake wa usimulizi unatofautiana na vingine kwa jambo moja muhimu: hakuna anayetamani kuona. Hapa hamna machozi wala safari ya usiku, na hapana asiyelala kwa shauku. Kuna hesabu, na hesabu inakamilika. Ni masimulizi ya wenye mali, na lugha yake ni lugha ya daftari.

5. Maneno Yaliyofungiwa

Visakale vitatu vinavyohusu washairi vinauhamisha mvutano kutoka kwa mwili hadi kwa neno. Cha kwanza kinamhusu Manikkavacakar, mtunzi wa Tiruvacakam. Inasimuliwa kwamba Shiva alimwendea kwa sura ya mtu wa kawaida, akamwomba ayatamke mashairi yake, akayaandika kwa mkono wake kwenye majani ya mvumo na kuyaacha mlangoni mwa ukumbi. Makuhani walipoyaona walimwita mshairi awaeleze maana yake. Aliwaongoza hadi mbele ya Nataraja, akaonyesha kwa mkono kwamba maana ndiyo hiyo, akaingia akatoweka. Kisakale hiki kina nadharia nzima ya fasihi ndani yake. Makuhani wanaomba ufafanuzi, mshairi anawapa ishara. Mungu amekuwa karani wa mshairi, na wasomi wamebaki na majani mikononi.

Cha pili kinahusu nyimbo za Tevaram, zilizotungwa kwa Kitamil na Appar, Sambandar na Sundarar. Mfalme ambaye wengi humtambua kuwa Rajaraja wa Kwanza, aliyetawala kuanzia mwaka 985 hadi 1014, alisikia vipande vya nyimbo hizo akatamani kuzipata zote. Nambi Andar Nambi alifunuliwa kwamba miswada imefungiwa katika chumba kimoja huko Chidambaram. Makuhani walikataa kufungua mpaka washairi watatu wenyewe, waliokwisha kuaga dunia zamani, waje. Mfalme aliamuru sanamu zao zibebwe kwa maandamano hadi mlangoni. Ikiwa sanamu ya Nataraja ni Nataraja, basi sanamu ya mshairi ni mshairi. Makuhani walinaswa kwa hoja ya ibada yao wenyewe, wakafungua. Ndani walikuta mchwa wamekula sehemu kubwa ya miswada. Sauti ikatangaza kwamba kilichosalia kinatosha kwa zama hizi.

Uzito wa kisakale hiki uko kwa mchwa. Msimulizi angeweza kumaliza kwa ushindi wa mfalme, wala asingelaumiwa. Amechagua kuonyesha gharama ya kufungia. Faraja ya sauti ya mbinguni haifuti picha ya majani yaliyotobolewa. Msikilizaji hutoka akiwaza yaliyoliwa zaidi ya yaliyookolewa.

Cha tatu kinamhusu Umapati Sivacharya, mwanafalsafa wa karne ya 14 ambaye mwenyewe alikuwa Dikshitar. Alimfuata mwalimu ambaye wenzake hawakumkubali, wakamtenga. Ilipofika siku ya kupandisha bendera ya sikukuu, bendera ilikataa kupanda. Aliitwa Umapati, akaimba beti chache za Kitamil zinazojulikana kama Kodikkavi, na bendera ikapaa. Hapa aliyefukuzwa ni mtu wa ndani, na kinachomrudisha ni uhitaji wa hekalu lenyewe. Hata hivyo, bendera ikishapanda sikukuu huendelea kama kawaida, na kanuni iliyomtenga haijaguswa.

6. Nandanar: Anayekwenda Kesho

Kilele cha mapokeo haya ni kisakale cha Nandanar. Katika orodha ya watakatifu aliyoiimba Sundarar, ametajwa kwa kifungu kifupi tu, kwa jina la Tirunalaippovar, "yule atakayekwenda kesho". Nambi Andar Nambi alimpa ubeti mmoja. Ni Sekkizhar, katika Periya Puranam, utenzi wa karne ya 12 wenye zaidi ya beti 4,000 juu ya watakatifu 63 wa Shiva, aliyemjenga kuwa mhusika kamili.

Nandanar wa Sekkizhar ni mtu wa tabaka la wasioguswa katika kijiji cha Adanur. Kazi yake ni kupeleka ngozi za kuwambia ngoma za hekalu na nyuzi za vinanda. Kinaya kimekaa wazi: mikono yake inafaa kutengeneza sauti ya ibada, lakini mwili wake haufai kusimama karibu na sauti hiyo. Kule Tiruppunkur alisimama nje asione kitu, kwa kuwa sanamu ya fahali Nandi ilimziba. Shiva akamwamuru fahali asogee kando. Fahali wa jiwe alisogea. Ukuta na kanuni havikusogea.

Kisha shauku ya Chidambaram ikamshika. Kila usiku alinuia kwenda, kila asubuhi akakumbuka alivyozaliwa, akasema atakwenda kesho. Neno hilo ndilo sanaa yote ya sehemu hii. Ni ahadi na kukata tamaa kwa wakati mmoja, na jamii iliyomcheka kwa jina hilo ndiyo iliyomnyima leo. Hatimaye alifika, akaona moshi wa kafara za Wabrahmini, akaogopa, akawa anauzunguka mpaka wa mji usiku na mchana. Shiva alimtokea ndotoni akamwambia aingie motoni ili avue kuzaliwa kwake, aje pamoja na Wabrahmini. Makuhani nao waliagizwa hivyo, wakaandaa moto nje ya mlango wa kusini. Nandanar aliingia, akatoka na mwili wa mhenga wa Kibrahmini, uzi mtakatifu kifuani, akaingia ukumbini na kutoweka.

Wahakiki wamegawanyika juu ya mwisho huu. Upande mmoja huuona kuwa ushindi wa ibada juu ya tabaka. Upande wa pili huona kwamba tabaka ndilo lililoshinda, kwa kuwa aliyeingia si Nandanar tena. Hoja ya pili ina nguvu zaidi ikipimwa kwa maandishi yenyewe. Moto hauchomi kanuni. Unamchoma mtu ili kanuni isivunjwe. Isitoshe, anatoweka. Hakuna siku ya pili ambayo makuhani watalazimika kukaa naye, wala hakuna jamaa yake wa Adanur anayemfuata mlangoni. Mapokeo yanasema Sekkizhar alipewa neno lake la kwanza kwa sauti ya Shiva katika hekalu hili, na humo akalikariri tungo lake. Ni mshairi aliyetunga akiwa ndani ya nyumba ya walinzi, na ustahimilivu wa wenyeji wake ulikuwa na mpaka.

Hata hivyo, kumshutumu Sekkizhar pekee kungekuwa kumsoma nusu. Yeye ndiye aliyemweka mtwana katika utenzi mmoja na wafalme, na ndiye aliyelipa neno "kesho" uchungu wake. Waliokuja baadaye waliweza kuuliza maswali kwa sababu yeye alimpa Nandanar sauti. Katika karne ya 19 Gopalakrishna Bharati, mwenyewe Mbrahmini, alitunga Nandanar Charitram kwa nyimbo za kuigiza, akaongeza mhusika ambaye Sekkizhar hakuwa naye: mwenye shamba wa Kibrahmini anayemnyima Nandanar ruhusa mpaka alime na kuvuna eneo kubwa kwa usiku mmoja. Kwa nyongeza hiyo, kizuizi kilitoka katika dhamiri ya Nandanar kikawa na uso, jina la kazi na mpaka wa shamba. Inasimuliwa kwamba msomi mashuhuri Meenakshisundaram Pillai alisita kuuandikia utungo huo maneno ya sifa kwa sababu ya makosa ya sarufi, na kwamba Bharati alikaa barazani kwake akiimba mpaka msomi akashindwa na nyimbo. Hata historia ya utunzi imeangukia katika muundo ule ule wa mlango.

Tungo hili lilihamia jukwaani na kisha kwenye filamu. Katika filamu ya mwaka 1935 nafasi ya Nandanar ilichezwa na mwanamke, mwimbaji K. B. Sundarambal. Mwaka 1948 B. R. Ambedkar, mtetezi mkuu wa wasioguswa, alikitabarukia kitabu chake The Untouchables kwa kumbukumbu ya watakatifu watatu, mmoja wao akiwa Nandanar. Kisha likatokea jambo lililobadili usomaji wa kisakale hiki. Tarehe 25 Desemba 1968, katika kijiji cha Keezhvenmani cha wilaya ya Thanjavur wakati huo, watu 44 wa familia za vibarua wasioguswa walichomwa moto ndani ya kibanda kufuatia mgogoro wa ujira na wenye mashamba. Mwandishi Indira Parthasarathy alilitungia tukio hilo riwaya, Kuruthippunal, na baadaye akaandika tamthilia ya Nandan Kathai, ambamo moto wa Nandanar ni hila ya wakubwa. Baada ya Keezhvenmani, haiwezekani tena kuusoma moto wa mlango wa kusini kama sitiari tupu ya kutakasika. Mhakiki anayeusoma hivyo anajifanya hajui moto ni nini.

7. Visakale katika Mabishano ya Leo

Sheria ya mkoa wa Madras ya mwaka 1947 iliwafungulia Wahindu wa matabaka yote milango ya mahekalu. Mabishano ya Chidambaram hayakukoma. Yalisogea kutoka mlango wa nje hadi ukumbi wa ndani. Mwaka 2008 serikali ya Tamil Nadu iliagiza kwamba waumini waruhusiwe kuimba Tevaram katika ukumbi ulio mbele ya Nataraja, na nyimbo zikaimbwa chini ya ulinzi wa polisi. Nyimbo ambazo, kwa mujibu wa kisakale, zilitolewa chumbani kwa amri ya mfalme zilihitaji tena amri ya serikali ili ziimbwe mahali pale pale.

Mwaka 2009 serikali ilikabidhi usimamizi wa hekalu kwa afisa wake. Wadikshitar walikata rufaa, na tarehe 6 Januari 2014 Mahakama ya Juu ya India iliwarudishia usimamizi, ikizingatia uamuzi wa mwaka 1951 uliowatambua kuwa kundi la kidini lenye haki ya kuendesha mambo yake. Mwaka 2022 serikali ilitoa amri nyingine ya kuwaruhusu waumini kupanda ukumbini kuabudu.

Katika mabishano haya kila upande una kisakale chake. Makuhani wana hesabu ya 2,999 na mungu aliyejihesabu kuwa mwenzao. Waimbaji wana sanamu tatu mlangoni na mchwa. Wanaharakati wa haki za waliodharauliwa wana Nandanar. Kazi ya uhakiki si kuamua kesi. Ni kuonyesha kwamba hadithi hizi hazina uzito sawa kwa kuwa hazikujengwa sawa. Ya kwanza hudai urithi. Za pili na tatu hukiri dhuluma, kisha huitafutia tiba ya siku moja.

8. Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba visakale vya Chidambaram vinafuata muundo mmoja wa tamaa ya kuona, kizuizi na muujiza, na kwamba muujiza huo huwaacha walinzi na ufunguo wao. Ni rahisi kutokana na hayo kuhitimisha kwamba mapokeo haya ni chombo cha kuwatuliza wanyonge. Hitimisho hilo halitoshi. Katika kila kisakale chenye mlango, isipokuwa kile cha hesabu, mungu yuko upande wa aliye nje. Humsogeza fahali na kuikwamisha bendera, na huyaandika mashairi ya Kitamil kwa mkono wake. Kanuni inayohitaji kurukwa na mungu mara kwa mara ni kanuni ambayo wasimulizi wenyewe walikwisha kuitilia shaka. Ndiyo maana hadithi zilezile zilizohifadhiwa na walinzi ndizo zilizowapa Bharati, Ambedkar na Indira Parthasarathy maneno ya kuwapinga.

Kwa mwanafunzi wa fasihi simulizi, hili lina funzo la kimbinu. Kisakale cha mahali patakatifu hakipaswi kuishia kuulizwa kama ni kweli, wala kina maadili gani. Kiulizwe pia ni nani aliyebaki nje hadithi ilipokwisha. Katika Chidambaram jibu ni watu wa Adanur, ambao mwenzao aliingia motoni akatoka mtu mwingine, nao wakaendelea kuchuna ngozi za kuwambia ngoma za hekalu.